Kila Andiko na Swali Lake: Mwongozo wa Uandishi wa Kitaaluma kwa Mwanachuo wa Temeke na Kinondoni

Ukisoma chuo miaka mitatu, iwe ni DUCE pale Chang'ombe, Chuo Kikuu Huria Kinondoni, Ustawi wa Jamii Kijitonyama au Taasisi ya Uhasibu barabara ya Kilwa, utadaiwa maandishi ya aina ambazo sekondari hukuzisikia. Muhula wa kwanza ni insha. Kisha unakuja uhakiki wa kitabu. Likizo ndefu ikifika, fildi na ripoti yake. Mwaka wa mwisho, pendekezo la utafiti, na baada ya hapo utafiti wenyewe. Wanafunzi wengi huyaandika yote hayo kwa mtindo mmoja, ule wa insha ya kidato cha nne: utangulizi, kiini, hitimisho. Alama nyingi hupotelea hapo, kabla hata mhadhiri hajafika kwenye makosa ya Kiingereza.

Ushauri wangu ni mmoja na nitaurudia kwa kila aina: kabla hujaandika sentensi, jiulize ni nani anayeuliza na anataka kujua nini. Muundo wa andiko unatoka humo. Ukishamjua anayeuliza, utajua kitangulie nini, kifuate nini na kiachwe nini.

Ili tusiongee hewani, tushike jambo moja: maji ya visima Mbagala. Anayeishi Charambe au Kijichi analijua jambo hili kuliko watu wengi wanaoliandikia. Anamjua jirani mwenye kisima, anajua bei ya dumu inapopanda, anajua mtaa wenye maji ya chumvi na mtaa ambao bomba la DAWASA, mamlaka ya maji, limefika lakini halitoi kila siku. Jambo hilohilo linaweza kuwa insha, ripoti, pendekezo au tasnifu, na kila mara litavaa umbo jingine.

Insha

Mhadhiri anayekupa swali la insha jibu analijua. Anachotaka kuona ni kama unaweza kushika msimamo na kuutetea. Kwa hiyo anza na kitenzi cha swali. "Eleza" inadai mambo na namna yanavyofanya kazi. "Linganisha" inadai vitu viwili vikae pamoja katika kila aya. Usimalize kimoja ndipo uanze kingine. "Jadili" inadai pande zinazobishana, kisha uamuzi wako. "Tathmini" inadai kipimo, na kipimo hicho lazima ukitaje. Ukiambiwa ujadili mchango wa visima vya watu binafsi katika upatikanaji wa maji Temeke, nawe ukapanga faida tano na hasara tano, utakuwa umeeleza tu.

Aya ya kwanza itaje msimamo. Insha nyingi huanza na "Maji ni uhai", au na maana ya maji kutoka kamusini, na nusu ukurasa huisha hoja haijaonekana. Soma mwanzo huu: "Visima vya watu binafsi vimewapatia maji wakazi wa Temeke ambao mtandao wa DAWASA haujawafikia, lakini vimewaacha bila mtu wa kuwajibika kwa usalama wa maji hayo." Sentensi moja, na msomaji ameshajua kwamba insha itakuwa na sehemu mbili na kwamba ya pili ndiyo nzito.

Baada ya hapo kila aya ibebe hoja moja. Itamke, iwekee ushahidi, kisha eleza ushahidi huo unathibitishaje hoja. Hatua hii ya tatu ndiyo inayorukwa. Mwanafunzi anaweka takwimu au nukuu na kukimbilia aya nyingine, akitarajia msomaji aunganishe mwenyewe. Unganisha wewe, hiyo ndiyo kazi uliyopewa. Hitimisho liwe fupi, na lisilete jambo jipya.

Nje ya idara za Kiswahili, vyuo vyetu vinadai insha kwa Kiingereza. Panga hoja zako kwa Kiswahili kwanza, hata kwa kumsimulia mwenzako mkiwa kwenye foleni ya daladala pale Rangi Tatu. Hoja isiyoeleweka kwa lugha unayoota nayo haitaokolewa na Kiingereza.

Uhakiki wa kitabu

Hapa anayeuliza ni msomaji ambaye hajakisoma kitabu, na anataka kujua kinadai nini, kinathibitishaje, na kama kinasimama. Muhtasari usizidi robo ya kurasa zako. Chukua mfano wa Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti Manzese na Buguruni mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati mshahara wa mwezi haukumtosha mfanyakazi, akauliza: basi watu wanaishije? Kitabu chake kuhusu uchumi usio rasmi wa mijini Tanzania kilitoka mwaka 1997. Mhakiki anayeishi Manzese leo ana mengi ya kukiuliza kitabu hicho: hoja zake zinakaaje baada ya vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000 vilivyoanza kugawiwa mwishoni mwa 2018, na baada ya fedha kuhamia kwenye simu? Maswali ya namna hiyo ndiyo yanayoufanya uhakiki uwe wako.

Ripoti ya fildi

Ripoti ya mafunzo kwa vitendo inasomwa na watu wawili, msimamizi wa chuo na msimamizi wa ofisi uliyokaa, na wote wawili wanauliza: ulifanya nini, na ulijifunza nini? Muundo wake ni wa vichwa na namba: taasisi na kazi zake, kitengo ulichopangiwa, kazi ulizofanya, ujuzi uliopata ukilinganishwa na ulichofundishwa darasani, changamoto, mapendekezo. Historia ya taasisi iliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti yao isizidi ukurasa. Nauli na jua si changamoto za kitaaluma. Ila kama ulikaa kwenye ofisi ya maji ukaona malalamiko ya wateja yanaandikwa kwenye daftari moja na hayafiki kwa mafundi hadi wiki ipite, hiyo ni changamoto, na pendekezo lake linajitokeza lenyewe.

Daftari la kila siku liandikwe siku hiyohiyo na lisainiwe kila wiki. Anayelijaza usiku wa kuamkia kukabidhi huandika "nilisaidia kazi za ofisini" mara thelathini.

Pendekezo la utafiti

Hapa mambo yanageuka. Jibu hulijui, na jopo linalokusikiliza halilijui pia. Wanachouliza ni hiki: swali lako linastahili kuulizwa, na wewe utaliweza? Sura tatu za pendekezo zipo kwa ajili ya maswali hayo. Ya kwanza inaonyesha kwamba tatizo lipo. Ya pili inaonyesha kwamba waliotangulia hawajalimaliza. Ya tatu inaonyesha kwamba una njia ya kulifikia.

Usuli wa tatizo huanza kwa upana na kubana taratibu: nchi, jiji, wilaya, kata. Kwa mada yetu ya maji unaweza kupitia mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015 hapa Dar es Salaam, uingie Temeke, utue Charambe. Takwimu zinahitajika, na hapa nataka tukae kidogo, maana kuna mtego.

Sensa ya mwaka 2012 iliipa Kinondoni watu 1,775,049. Sensa ya 2022 imeipa 982,328. Temeke ilikuwa na 1,368,881. Mwaka 2022 ilikuwa na 1,346,674. Anayenakili namba hizo bila kuuliza ataandika kwamba Kinondoni imepoteza karibu nusu ya watu wake kwa miaka kumi na kwamba Temeke imesimama palepale. Atajenga juu yake tatizo zima la utafiti, na litakuwa la uongo. Katikati ya sensa hizo mbili Ubungo ilikatwa kutoka Kinondoni na Kigamboni ikakatwa kutoka Temeke. Ukirudisha Ubungo yenye watu 1,086,912, eneo la Kinondoni ya zamani lina watu 2,069,240. Ukirudisha Kigamboni yenye 317,902, Temeke ya zamani ina 1,664,576. Kote watu wameongezeka kwa mamia ya maelfu. Kwa hiyo kila unaposhika takwimu ya wilaya hizi, andika ni ya mwaka gani na ya mipaka ipi. Na ukisoma utafiti wa zamani unaosema Manzese iko Kinondoni, usiusahihishe; wakati huo, kabla ya Ubungo kukatwa, ilikuwa huko.

Tamko la tatizo lisizidi ukurasa mmoja, na lipite hatua tatu: hali inavyotakiwa kuwa, hali ilivyo, na kisichojulikana. Kwa mfano: mwenye kisima anatakiwa awe na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, wakazi hununua maji kwa dumu bila kuuliza kibali wala kipimo, haijulikani wanatumia vigezo gani kuamua kisima kipi kina maji ya kunywa na kipi ni cha kufulia. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo utafiti wako, yote mengine yanaitumikia.

Malengo mahsusi matatu yanatosha kwa shahada ya kwanza, na yaanze na vitenzi vinavyopimika: kubainisha, kulinganisha, kupima. "Kujua" na "kuelewa" havipimiki. Chora jedwali kabla ya kuandika sura ya tatu: lengo, data inayohitajika, nani anayo, nitaipataje. Lengo lisilo na mtu wa kulijibu lifute mapema, kabla halijakufuata hadi siku ya utetezi.

Mapitio ya maandiko yasiwe foleni ya majina, Fulani alisema hivi mwaka huu, Fulani akasema vile mwaka ule. Yapange kwa hoja: waliozungumzia bei, waliozungumzia usalama wa maji, waliozungumzia usimamizi, na wanapopingana. Mwisho wa sura, pengo lionekane bila kulazimishwa. Usitosheke na yanayopatikana kwenye simu. Anayeandika kuhusu makazi ya jiji hili asipopita kwa J. A. K. Leslie, ambaye uchunguzi wake wa Dar es Salaam ulichapishwa mwaka 1963, hataona ni mambo gani ya uswahilini yamedumu na yapi yamegeuka. Maktaba Kuu ya Taifa barabara ya Bibi Titi Mohamed ipo tangu 1967, na maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, tangu 2018. Nenda ukatafute rafuni, uliza wakutubi. Wapo kwa kazi hiyo.

Sura ya mbinu inadai ukweli kuliko ufundi. Wengi huandika kwamba walichagua kaya kwa sampuli nasibu, wakati waliwahoji waliowakuta nyumbani saa nne asubuhi, yaani akina mama, wazee na vijana wasio na ajira. Kama ndivyo utakavyofanya, sema hivyo na ueleze kwa nini inatosha. Hojaji iwe ya Kiswahili hata kama tasnifu ni ya Kiingereza, na uijaribu kwa majirani wachache wasio wasomi. Mama muuza maji hana nafasi alfajiri, foleni ya madumu ikiwa ndefu. Mfuate saa nane mchana. Na mwambie mapema kwamba hutoki manispaa wala mamlaka ya kodi, la sivyo atakupa majibu ya kujikinga.

Vibali vinakula muda. Barua ya chuo inakwenda manispaa, manispaa inakuandikia kwa Mtendaji wa Kata, naye anakupeleka kwa Mtendaji wa Mtaa, na mwenyekiti na mjumbe wanapaswa kukufahamu kabla hujagonga mlango wa mtu. Utafiti unaogusa afya za watu una njia yake ya maadili, na mkono wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, unaweza kuhitajika. Muulize msimamizi wako tangu siku mada inapopita.

Ripoti ya utafiti na tasnifu

Pendekezo likishapita, sura tatu zake zinahamia kwenye tasnifu, na kosa la kwanza linahamia nazo. Pendekezo liliandikwa kwa wakati ujao: mtafiti atahoji kaya, data zitachambuliwa. Sasa kazi imefanyika, kwa hiyo -ta- zote ziwe -li-. Pitia sentensi moja moja. Tasnifu inayosema kwenye ukurasa wa 30 kwamba kaya zitahojiwa na kwenye ukurasa wa 45 kwamba zilihojiwa inamwonyesha mtahini kwamba mwandishi hakuisoma kazi yake.

Msomaji wa tasnifu, yaani mtahini, anauliza: ulipata nini, na ninawezaje kukuamini? Kurasa za mwanzo, yaani uthibitisho, ikirari, tabaruku, shukurani, ikisiri na yaliyomo, zina taratibu za chuo chako. Zifuate bila ubunifu. Nguvu yako iweke sura ya nne. Ipange kwa malengo yako mahsusi, kwa mfuatano uleule wa sura ya kwanza, ili mtahini aliyeshika orodha ya malengo mkononi asipotee. Jedwali likitokea, lieleze: lipi limekushangaza, lipi linalingana na waliotangulia uliowataja sura ya pili, lipi linawapinga. Jedwali lililofuatwa na sentensi zinazolisoma tu kwa maneno ni kazi iliyokatika katikati.

Maneno ya watu yana uzito wake. Kama tasnifu yako ni ya Kiingereza, weka kwanza maneno ya mhojiwa kama alivyoyasema kwa Kiswahili, kisha tafsiri. Bibi wa Mbagala akikuambia maji ya kisima fulani "yanakata sabuni", ameeleza jambo la kikemia kwa namna ambayo tafsiri peke yake itaipunguza, na mtafiti atakayekuja baada yako ana haki ya kuyaona maneno yenyewe. Majina ya wahojiwa yafiche, na namba ya nyumba vilevile.

Sura ya tano ina muhtasari, hitimisho na mapendekezo. Pendekezo lisilo na mwenyewe halina faida. "Serikali iangalie suala hili" halimhusu mtu yeyote. Andika nini kifanywe na DAWASA, nini na Halmashauri ya Manispaa ya Temeke, nini na Bodi ya Bonde, nini na mwenye kisima, na kila moja litokane na jambo ulilolipata sura ya nne. Ikisiri iandike mwisho kabisa: tatizo, njia, matokeo, maana yake, katika aya moja. Ikisiri iliyoandikwa kabla ya matokeo huahidi badala ya kusema.

Wanafunzi wa fasihi msiogope mkiona hojaji na sampuli hazikai katika kazi yenu. Euphrase Kezilahabi, tayari akiwa mwandishi wa Rosa Mistika, aliandika tasnifu yake ya uzamili pale Mlimani mwaka 1976 kuhusu riwaya za Shaaban Robert. Uwanja wake ulikuwa vitabu. Kwenu data ni matini, mbinu ni nadharia ya uhakiki, na sura ya nne ni usomaji wa karibu. Sura ya kwanza na ya pili hazibadiliki.

Tasnifu nzuri inaweza kuzaa makala. Jarida la Kiswahili linalotolewa na TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Mlimani, ni mojawapo ya milango. Makala haitaki tasnifu yako nzima, inataka tokeo moja lenye nguvu. Mhariri anauliza ni kipi kipya, basi kiseme katika ukurasa wa kwanza.

Kazi iwe yako

Karibu na vyuo vyetu zipo steshenari zinazouza ripoti za fildi na tasnifu zilizokwisha kuandikwa. Unabadilishiwa jina, kata na mwaka, unabaindiwa, unaondoka. Nasema bila kuzunguka: huo ni wizi, na unamwibia kwanza anayenunua. Siku ya utetezi ataulizwa jedwali la saba alilipataje, na hatakuwa na la kusema. Ni wizi pia kwa mama wa Charambe ambaye majibu ya mtu wa wilaya nyingine yamebandikwa jina la mtaa wake. Akili mnemba nayo itakupa marejeleo ya vitabu ambavyo havijawahi kuchapishwa. Kila unachokiorodhesha kwenye marejeleo kiwe umekishika au umekifungua mwenyewe, na kila ulichokitaja ndani ya matini kionekane humo. Andika chanzo na ukurasa papo hapo unaposoma. Kuvitafuta usiku wa mwisho ndiko kunakowasukuma watu kubuni.

Ukishakabidhi nakala za chuo, bado kuna moja inadaiwa. Waliokujibu chini ya mwembe na kwenye foleni ya madumu walikuuliza majibu hayo yatawasaidia nini, nawe uliahidi kitu. Andika ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, bila nadharia wala marejeleo: tuliuliza nini, tumepata nini, nani anaombwa afanye nini. Upeleke kwa Mtendaji wa Mtaa, uubandike kwenye ubao wa matangazo wa ofisi, na nakala moja umpe mwenye kisima. Fanya hivyo kabla ya mahafali, ungali unaishi mtaa huo.